Fundi Gesi Anaishi Wapi

Wake wenza wengine hugombea zamu, wengine hugombea vitambaa, wengine nani kaletewa viatu vya bei. Mwaka ule Bi Mdogo aligombea kituo cha kupigia kura, na aligombea kwa moyo wake wote.

Mume wao alikuwa fundi wa majokofu. Watu walimwita Fundi Gesi kwa sababu kila friji aliyoletewa, kabla hata hajaigusa, alisema imeishiwa gesi, na mara nyingi alikuwa anasema kweli. Alikuwa na nyumba mbili, moja huku kwa Bi Mdogo na nyingine ng'ambo ya barabara kuu kwa Bi Mkubwa, na alijisifu kuwa ni mtu wa haki. Akinunua sukari, inagawanywa palepale dukani, mfuko huu wa huku, huu wa kule. Akinunua kitambaa, kinakatwa katikati mbele ya muuzaji, na yeye ameinama anakagua mkasi usipinde. Zamu zilikwenda siku mbili huku na siku mbili kule, mvua inyeshe, jua liwake. Ukimsikiliza mwenyewe, ungedhani mizani ya sokoni imefundishwa kazi na yeye.

Lakini kulikuwa na kitu kimoja ambacho Fundi Gesi hakuweza kukikata katikati. Serikali haina haja ya kujua mtu analala wapi Jumatatu na wapi Jumatano. Inataka kujua anaishi wapi, mahali pamoja tu, na hapohapo ndipo jina lake linapoandikwa na ndipo anapopigia kura. Jina la Fundi Gesi lilikuwa kule, kwa Bi Mkubwa, tangu Bi Mdogo hajaingia kabisa katika habari hii.

Uchaguzi uliopita ndio uliomtia Bi Mdogo kidonda. Siku ile ilikuwa zamu yake. Mume aliamka kwake, akanywa chai kwake, akavaa shati alilolipiga pasi yeye, halafu huyo, akavuka barabara kwenda kupanga foleni na Bi Mkubwa. Bi Mdogo akapanga ya kwake peke yake. Mbele na nyuma walisimama majirani na waume zao, na Mama Pacha wa nyumba ya pili mume wake alikuwa amemshikia mwavuli kabisa. Kila aliyemsalimia alimuuliza mzee yuko wapi. Bi Mdogo akawa anajibu yuko kazini, siku ambayo nchi nzima imefunga kazi.

Kwamba ana wivu hakuwahi kukataa. Alikuwa nao tangu wiki ya ndoa, akaulea, ukanenepa. Lakini wivu wa siku ile ulichanganyika na aibu, na mchanganyiko huo haukushuka kooni. Aliapa palepale kwenye foleni kwamba uchaguzi ujao atasimama na mume wake, bega kwa bega, mtaa mzima uone ni mume wa nani.

Ndiyo maana gari la matangazo lilipopita mtaani, Bi Mdogo aliacha kichwa cha mteja kikiwa nusu kimesukwa, akatoka mlangoni na kitana mkononi. Saluni yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake mwenyewe, na mlango ulitazama barabara. Kipaza sauti kilikuwa kinakwaruza, ila maneno aliyapata. Daftari la wapiga kura linaboreshwa. Aliyehama aje abadilishe taarifa zake, aliyepoteza kadi aje apewe nyingine, aliyefikisha umri aje aandikishwe. Na hata ambaye hajahama wala kupoteza chochote aje ahakiki jina lake, asije akagundua kosa siku ya kura wakati hakuna tena wa kumsaidia. Kituo ni shule ya msingi, na kazi inafungwa Jumapili.

Kesho yake asubuhi alikuwa wa kwanza mlangoni. Karani alikuwa binti mmoja mpole mwenye miwani, na mezani alikuwa na mashine yenye kioo kidogo cha kuwekea vidole. Jina la Bi Mdogo lilipatikana, picha ilikuwa yake, mtaa ulikuwa sawa. Ila mwaka wa kuzaliwa ulikuwa umekosewa, ukamzidishia umri mpaka akawa rika moja na Bi Mkubwa. Kura angepiga vilevile, karani alimwambia, kosa kama hilo halimzuii mtu. Bi Mdogo akasema hatoki pale mpaka lirekebishwe, na likarekebishwa.

Alipomaliza akainama mezani, akashusha sauti, akasema ana jambo lingine dogo. Anataka kumhamisha mume wake.

Karani akavua miwani. Akamweleza kwa upole kwamba mtu hahamishwi, mtu anahama mwenyewe. Lazima aje kwa miguu yake, aweke vidole vyake, na aseme kwa mdomo wake anaishi wapi. Mke hawezi kumsemea mume, wala mume hawezi kumsemea mke. Mwingine angenung'unika kusikia hivyo, lakini Bi Mdogo alirudi nyumbani anatabasamu njia nzima. Aseme kwa mdomo wake. Hicho ndicho hasa alichokuwa anakitaka.

Siku hiyo aliyekaa kwenye kiti cha saluni alikuwa Mama Pacha, na Mama Pacha akikaa kwenye kiti hakuna kinachobaki bila kuguswa. Alisikiliza habari yote ya kituo, akachekea kwenye kioo.

"Kwa hiyo serikali inamjua mume wa mwenzio," alisema. "Wewe unamjua mgeni wako wa zamu."

Bi Mdogo akauvuta msuko mpaka Mama Pacha akakishika kichwa kwa mikono miwili. Akamwomba radhi, akasema mkono umeteleza.

Jioni mume alipoingia, hakupewa hata nafasi ya kuvua viatu. Bi Mdogo alianza kwa upole, akaendelea kwa hoja, akafikia machozi. Fundi Gesi akajitetea kadiri alivyoweza. Kule wamemzoea, alisema, foleni ya kule ni fupi, na isitoshe kura haina mke. Ikitumbukia sanduku la huku au la kule inahesabiwa moja. Bi Mdogo akamjibu kwamba kama ni moja, basi itumbukie huku. Mzee akakuna kichwa.

Ndipo Bi Mdogo akanuna. Na kununa kwake hakukuwa kwa kunyima watu chakula. Alipika vizuri kuliko siku zote, akapakua, akaweka maji ya kunawa, vyote bila neno. Fundi Gesi angeweza kukaa kutwa nzima ametega sikio kwenye friji akitafuta inakoungurumia, lakini nyumba yenye mwanamke asiyesema ilimshinda. Zamu ilipokaribia kwisha akanyanyua mikono. Akasema atakuja kituoni, basi, yaishe. Ila kwanza amwambie mwenziwe.

"Umwambie au umwombe?" Bi Mdogo akamuuliza.

"Nimwambie."

Akavuka barabara, na siku mbili zile Bi Mdogo alizitumia kuviona vita kichwani mwake. Alimwona Bi Mkubwa anavunja sahani. Alimwona analia, anafunga mlango, anaita ndugu waje wasuluhishe. Alivinogesha kila alipovirudia, na vidole vikafuata moyo. Wateja wawili walilalamika kwamba nywele zimekazwa mpaka macho hayafumbi. Hakuwa na huruma, tusimpambe. Alitaka mwenziwe aumie kidogo, walau kwa kadiri alivyoumia yeye kwenye foleni ile.

Mume akarudi. Akatundika mkoba wa vifaa, akakaa, akaitazama mikono yake.

"Amesemaje?"

"Amesema sawa."

"Sawa tu?"

"Sawa tu, mama watoto. Amesema ni vizuri, nihame."

Bi Mdogo alimzunguka kwa maswali. Hakukasirika? Hakukasirika. Hakulia? Hakulia. Alikuwa anafanya nini alipoambiwa? Alikuwa anakunja nguo. Fundi Gesi alijibu kwa neno moja moja, akala matonge machache, akaenda kulala jua halijatua vizuri. Na Bi Mdogo, aliyeomba na kupewa, akabaki sebuleni anafukuta. Ukimpokonya mtu kitu naye akakwambia chukua tu, umempokonya nini? Tena yule bwana alikuwa amepooza hivi kwa nini? Anamhurumia. Anamsikitikia mkewe mkubwa, shingo imemlegea kwa ajili yake. Hilo ndilo Bi Mdogo alilolishika, na lilimchoma kuliko sahani zote ambazo hazikuvunjwa.

Hakuweza kuvumilia. Siku ya pili alifunga saluni mchana, akavuka barabara kwenda kumwona Bi Mkubwa kwa macho yake.

Bi Mkubwa alikuwa na duka la kushona sare za shule. Bi Mdogo alimkuta kwenye cherehani, futi ya kupimia imening'inia shingoni, anamalizia kaptura. Rafu zilikuwa karibu tupu, na ulikuwa msimu ambao wazazi hujaa kwenye maduka kama yale. Bi Mdogo alizitazama, akajisemea biashara imemshinda, na akafurahi kidogo.

"Karibu, mdogo wangu," Bi Mkubwa alisema. "Kaa. Usiogope huo mkono wa kiti, umelegea tu."

Bi Mdogo akakaa. Alikuwa ameandaa maneno tangu nyumbani. "Shikamoo, dada. Nimekuja nisije nikaonekana nimekuzunguka. Mzee anahamishia taarifa zake za kura kwangu."

"Marahaba. Ameniambia."

"Haijakuuma?"

Bi Mkubwa alikata uzi kwa meno, akaigeuza kaptura, akaikagua mshono. "Iniume kwa nini? Mtu aandikwe anapoishi."

Halafu akainama chini ya meza, akatoa pakiti, akamwekea mapajani. Zilikuwa dawa za presha. Akamweleza kwamba mzee humeza asubuhi akishakula, siyo kabla, na kwamba akisema ameshameza asiaminiwe, vihesabiwe vidonge. Siku za zamu za huku huwa anavibeba mfukoni mwa shati na kumeza akifika kazini, maana anaona haya kuonekana mgonjwa mbele ya mke mdogo.

Bi Mdogo hakujua kwamba mume wake ana presha. Miaka yote ile amempikia, amemfulia, amelala naye ubavu kwa ubavu, na damu yake ilikuwa na siri ambayo aliyeijua ni huyu mwenye futi shingoni. Alisema asante, dada. Angemuuliza kwa nini anapewa dawa zile leo, angejua mengi. Hakumuuliza. Alivuka barabara amezikumbatia, anagombana na miaka iliyopita.

Jumapili ikafika, na kama kawaida ya watu, wote walikuwa wameingojea siku ya mwisho. Foleni ilitoka darasani, ikapita mbele ya ofisi ya walimu, ikakunja kona ya bomba. Bi Mdogo alikuwa amevaa gauni ambalo huwa halitoki sandukuni bila harusi, na mkono wake ulikuwa umepita kwapani mwa Fundi Gesi. Mama Pacha naye alikuwepo nyuma yao, amepoteza kadi. Bi Mdogo alimsalimia kila aliyemjua na wengine ambao hakuwajua. Hakuna aliyemuuliza mzee yuko wapi. Haikuwa foleni ya kura, ilikuwa foleni ya kurekebisha taarifa tu, watu wanapiga miayo na kujipepea, lakini yeye alikuwa na furaha aliyoihisi mpaka kwenye magoti.

Mzee alisogea kila foleni iliposogea. Alimjibu mmoja aliyemuuliza habari za friji yake kwamba imeishiwa gesi, kisha wakafika mezani.

Karani alimtambua Bi Mdogo, akamchekea. Akamgeukia mume. "Mzee, unaishi wapi kwa sasa?"

"Huku," alisema Fundi Gesi.

"Huku wapi?"

"Huku kwa msusi."

Karani akamwambia anahitaji jina la mtaa na namba ya nyumba. Fundi Gesi akatazama juu, kwenye dari la darasa, akatazama chini. Mtaa aliutaja kwa jina lake la zamani, ambalo lilishabadilishwa kabla hata hajaoa huko. Namba ya nyumba hakuijua. Ilikuwa imepakwa rangi nyekundu juu ya mlango anaoupita tangu alipoingia kama bwana harusi, na hakuijua. Bi Mdogo akaitaja haraka.

"Samahani, mama, namuuliza yeye," karani alisema.

Bi Mdogo akamnong'oneza mumewe. Mumewe akairudia, akaikosea. Watu wa nyuma wakacheka kidogo, na Bi Mdogo akacheka nao kwa meno ya mbele. Kisha mzee, kwa nia njema tu, ili binti wa watu asichoke, akasema namba ya kule anaijua, akaitaja yote, na jina la mtaa, na jina la mwenye nyumba. Bi Mdogo akauondoa mkono wake kwapani mwake, akajifanya anaweka sawa ukanda wa mkoba.

Namba ikapatikana hatimaye. Karani akaandika, akasogea kwenye swali lililofuata. "Sababu ya kuhama?"

"Ndoa," Bi Mdogo akasema, kwa sauti ambayo kona ya bomba waliisikia.

Karani akamsubiri mzee. Fundi Gesi alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili mbele ya tumbo.

"Mimi sikuhama, binti yangu," alisema. "Nimehamwa."

Karani hakuelewa. Na kwa kuwa Fundi Gesi alikuwa mtu wa haki, asiyependa mtu apewe nusu, akamweleza yote, kwa sauti ileile anayomwambia mteja kwamba friji hii imekufa, haina matengenezo. Mke wake mkubwa amehama. Jana amekwenda kukaa na binti yake mkubwa, mji mwingine, na duka amelirudisha kwa mwenyewe. Taarifa zake za kura alizihamisha siku ya kwanza kabisa kituo cha mji huo kilipofunguliwa, yeye na kadi yake, hata kabla hajafunga mizigo. Hawajagombana. Amesema tu amechoka kumsubiri mtu siku mbili mbili, na umri unakwenda.

"Nilikwenda kumwambia nahama," Fundi Gesi alisema. "Nikamkuta yeye kashahama."

Waliokuwa mbali wakauliza kuna nini, nao wakaambiwa. Mama Pacha aliziba mdomo kwa kiganja. Karani aliinamia mashine, akabonyeza sehemu ya sababu nyingine, akamwomba mzee aweke kidole kwenye kioo. Kidole kilikuwa kimechubuka kwa kazi, kikakataa mara ya kwanza. Akakifuta kwenye suruali, akakirudisha, kikakubali.

"Mama," karani alisema taratibu, "wewe ni mwenyeji wa nyumba hiyo. Unathibitisha kwamba anaishi kwako?"

Bi Mdogo akamtazama mume wake. Kofia ilikuwa bado mikononi. Tangu aolewe hakuwahi kumwona amesimama bila haraka ya kuvuka kwenda upande wa pili, na sasa upande wa pili haukuwepo. Alikuwa wake Jumatatu, wake Jumatano, wake siku ya kura na siku zote baada yake, na mtaa mzima ulikuwa shahidi. Alijitafuta ndani kama kuna furaha, akakuta kidogo. Alitafuta huruma, akaikuta nayo, kubwa kuliko alivyodhani. Lakini uliowahi kabla ya vyote hivyo ulikuwa wivu uleule wa siku zote. Yule mwanamke ndiye aliyeolewa kwanza. Ndiye aliyeandikwa naye kwanza na aliyeijua damu yake kwanza.

"Anaishi kwangu," Bi Mdogo alisema, akakaza taya asilie mbele za watu. Hata kumchoka mzee, amemtangulia.